Kamera Tatu na Shingo ya Shangazi Saumu

Iyunga

Pi, pi, pi, pi. Hivyo ndivyo ilivyoanza, na ningekuwa na akili ningebaki ndani. Sauti ilitoka uchochoroni, nyuma ya ukuta wetu pale Iyunga, kali na yenye subira, kama ndege wa chuma anayemwita mwenzake. Juu yake zikapanda sauti za watu: "Njoo! Njoo! Kata kushoto! Kushoto kwako, mama, siyo kwangu! Njoo... hapohapo! Hapohapooo!" Kisha makofi kwenye bati. Kisha kishindo, na kuku wetu wakapiga kelele kwa pamoja.

Mmekuwa mkiniuliza, wengine mkicheka kabla sijajibu, nilikuwa wapi siku zile nilipokosa vikao vyetu vya kusomeana kazi, na kwa nini nimerudi bila hata sura moja mpya ya riwaya. Nawajibu wote kwa pamoja, na naanza na kuku, kwa sababu ndio waliotangulia kuelewa.

Nilitoka mbio. Uchochoro ulikuwa umejaa kitu kirefu cheupe chenye madirisha na mapazia, na nyuma yake banda letu la kuku lilikuwa limelala ubavu. Kwenye usukani alikuwa Shangazi Saumu, dada yake baba, mfanyabiashara wa vitenge anayejulikana kwenye minada yote ya Usangu. Nusu ya mtaa ilikuwa imeshafika. Mnajua ilivyo kwetu: gari likianza kurudi nyuma, hakuna apitaye kando akaliacha. Muuza mboga anatua beseni, bodaboda anazima pikipiki, mtu anayekwenda msibani anasimama, na wote wanaelekeza, kila mmoja na kushoto kwake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nani aliyesema nije?"

Watu wakatazamana.

"Wa kusema njoo tulikuwa wengi," alisema muuza mboga. "Aliyesema hapohapo ndiye kachelewa."

"Hajachelewa," bodaboda akadakia. "Gari refu hili. Sauti inafika mbele imechoka."

"Siyo gari," Shangazi akasema. "Ni nyumba yangu."

Na kweli ilikuwa nyumba. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko, sinki na kabati, na Shangazi alikuwa ameshatandaza mkeka wa kuswalia na kutundika vitenge dirishani. Aliinunua kwa wazee wawili wageni waliokuwa wakizunguka nayo Afrika nzima, wakachokea Mbeya, wakapanda ndege kurudi kwao. Tangu mumewe afariki, Shangazi alikuwa amepanga nyumba mjini ambayo muda mwingi imefungwa, kwa sababu yeye yuko mnadani. Sasa aliamua kuirudisha kwa mwenyewe na kuishi humu, akifuata minada kutoka tambarare za Usangu hadi vilima vya Mufindi.

Aliyekuwa hajakubali ni Idrisa, mwanawe wa pekee, aliyeko Iringa. Idrisa anataka mama ahamie kwake. Hoja yake ni shingo. Shangazi aliwahi kuteleza na robota la vitenge stoo, na tangu siku hiyo shingo yake haigeuki. Ukimwita kutoka nyuma, anageuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa. Baada ya mabishano mengi ya simu, mama na mwana waliwekeana sharti: Shangazi aendeshe mwenyewe hadi Iringa, aingie uani kwa Idrisa kinyumenyume bila kugusa kitu. Akiweza, Idrisa hatasema tena. Akigusa hata ndoo, nyumba inauzwa na Shangazi anahamia kwa mwanawe.

"Banda la kuku halihesabiki," Shangazi akaniambia. "Hapa siyo Iringa."

Nyumba ile ilitengenezwa kwao wageni, usukani uko kushoto. Nyuma ya viti vya mbele kuna ukuta, kwa hiyo huwezi kuona kitu hata kama una shingo ya twiga. Ndiyo maana wenyewe waliiwekea kamera tatu kwa nje: moja juu ya mlango wa nyuma, na moja kila upande, chini ya vioo vya pembeni, ambavyo kwa shingo ile Shangazi hawezi kuvigeukia. Picha zote tatu zinakuja kwenye skrini moja mbele ya dereva. Ila kamera ya nyuma ilikuwa imepasuka, na zile za pembeni zilikuwa zimeingia maji zikafa.

"Wewe ndiye utakayekuwa mtu wa kamera," Shangazi akasema.

"Kwa nini mimi?"

"Si unashinda kwenye kompyuta?"

Katika ukoo wetu, mtu mwenye kompyuta anatengeneza redio, anafungua simu zilizosahauliwa namba za siri, na anashauri kuhusu presha. Ningeweza kusema ukweli, kwamba kompyuta yangu naitumia kuandika sentensi na kuzifuta. Lakini nilikuwa nimeshaliona dirisha dogo pembeni ya kitanda, na nikajiona nimeketi hapo, milima ikipita, kalamu ikienda yenyewe. Nikakubali. Kazi yangu ya kwanza ikawa kumtoa Shangazi kwenye banda.

"Njoo mbele kidogo, Shangazi," nikapaza sauti, "polepole, kama mtu anayeamka kutoka kwenye kumbukumbu."

"Kushoto au kulia?"

Nilikuwa bado natafuta jibu banda lilipolia mara ya pili.

Fundi tuliyempata alivaa miwani ya jua hata ndani ya kibanda chake, na alitaka aitwe Injinia. Alitoa kamera za zamani, akafunga mpya, akapitisha nyaya, muda wote akitueleza habari za setilaiti, ambazo hazikuhusika. Alipomaliza akasema tujaribu. Nikasimama kulia kwa nyumba.

"Unaniona, Shangazi?"

"Nakuona!"

Nikazunguka kushoto. "Na sasa?"

"Nakuona, umependeza!"

Nikaenda nyuma, akaniona huko pia. Tukapeana mikono wote watatu. Hakuna aliyeuliza ananiona upande gani.

Kwenda Madibira

Shangazi alisema bismillahi, tukaingia barabara kuu. Sitawadanganya, mwanzo ulikuwa mtamu. Milima ya Uporoto ilibaki nyuma yetu kama kundi la watu waliokuja kusindikiza na hawataki kurudi. Nilikaa kiti cha kulia, jicho kwenye skrini, nikitoa taarifa kwa sauti ya rubani.

Karibu na Chimala lori lilitupita upande wa kulia kwa kishindo, ila kwenye skrini nililiona upande wa kushoto. Mtu mwingine angejiuliza. Mimi nilitikisa kichwa na kusema, "Madereva wa siku hizi wanapita popote," kisha nikaanza kutunga moyoni aya kuhusu taifa lililopoteza upande wake. Ilikuwa aya nzuri. Natamani ningeitupa dirishani nikatazama huko ilikokwenda.

Tuliacha lami, tukaingia njia ya Madibira, kwa wateja wa zamani wa Shangazi, na kuchukua mchele aliotaka kumpelekea mkwe wake. Mashamba ya mpunga yalitandaa pande zote, ya kijani hadi macho yanaona aibu. Njia ilikuwa nyembamba, na pembeni yake ulipita mfereji. Mbele yetu likatokea kundi la ng'ombe. Wafugaji wakalisimamisha, wakatuashiria kwa fimbo tusogee pembeni wapite.

"Nisogee wapi?" Shangazi akauliza.

Nikatazama skrini. Kushoto palikuwa na maji yanang'aa. Kulia palikuwa na ardhi kavu, pana, ya ukarimu.

"Kushoto kuna mfereji. Sogea kulia."

"Kushoto kwangu sioni maji."

"Shangazi, kamera inaona kuliko sisi."

Dirisha langu lilikuwa hapa, kando ya bega. Kioo kilikuwa kisafi. Kulikuwa na mfereji mzima nje yake, na nadhani palikuwa hata na bata. Sikugeuza shingo, na yangu ni nzima. Shangazi akasogea kulia, taratibu, kwa kuniamini, na nyumba ikainama kama mtu anayetaka kunong'ona. Sufuria zikatoka kabatini. Gurudumu la mbele lilikuwa ndani ya maji.

"Mtu wa kamera," Shangazi akasema, akiwa amenilalia begani. "Tuko wapi?"

Wafugaji walikuja. Walikuwa Wasukuma, kutoka zile familia zilizoshuka zamani na mifugo yao kutoka kaskazini. Aliyetangulia alikuwa mwanamume mrefu aliyejitambulisha kwa jina la Masanja, na pembeni yake mkewe, Kabula, amebeba kibuyu cha maziwa. Masanja hakutazama gurudumu. Alitazama kamera, moja baada ya nyingine, akizunguka nyumba yote.

"Hizi zinapeleka picha wapi?"

Hapa ndipo ningepaswa kunyamaza. "Hazipeleki popote," nikasema. "Picha zinazaliwa na kufa humuhumu, kama ndoto."

Masanja akawageukia wenzake. "Huyu ndiye mkubwa wao."

"Mkubwa wa nani?" Shangazi akauliza.

"Mayu," Masanja akamwambia, kwa heshima ya kumwita mama, "mara ya mwisho ilikuja gari ya kupiga picha hapa. Haikupita muda tukaambiwa ng'ombe wamezidi, tuhame. Nyie mmetumwa kuhesabu."

"Mimi nauza vitenge!"

"Mwenye kuuza vitenge anataka kamera tatu za nini?"

"Ni shingo yangu," Shangazi akasema. "Shingo yangu haigeuki, baba. Nazungukwa na vitu nisivyoviona. Hizi ndizo zinazonigeukia."

Masanja alimpita Shangazi polepole, akaenda hadi nyuma yake, akakohoa, kisha ghafla akaita, "Mayu!" Shangazi akageuka mwili mzima, miguu kwanza, kabati likahama. Masanja akazunguka tena. "Mayu!" Kabati likahama tena. Kabula akacheka hadi maziwa yakamwagika. "Mwache mama wa watu," akasema, "utamtia kizunguzungu."

Shangazi akamkaribisha Masanja ndani aone mwenyewe picha zinakoishia. Masanja akakaa kwenye kiti cha dereva kilichoinama, akaikodolea macho skrini, ambamo kundi lake lilikuwa limejaa kona moja, mgongo kwa mgongo. Midomo yake ikaanza kucheza. Kisha akafungua dirisha akapaza sauti:

"Kabula! Sogea, umenizibia wawili!"

Alikuwa anahesabu.

Walifunga maksai wao wa kulimia mbele ya nyumba, kwa minyororo ya plau, wakatuvuta. Kwa sharti moja: wenzake wasio na imani kama yeye walitaka kamera zifunikwe. Kwa hiyo tulitoka mferejini na nyumba imefungwa vitenge usoni kama bibi harusi, maksai wakitangulia, na mimi nimetumbukia majini hadi magotini nikisukuma, jambo ambalo halikusaidia chochote ila lilimfurahisha Kabula. Tulilishwa ugali na maziwa mgando. Nikala kama mtu aliyefanya kazi.

Alasiri hiyo Shangazi alibadilisha nafasi za nyaya mbili, wa kulia na wa kushoto, nyuma ya skrini kwa mkono wake, kisha akanituma nje.

"Unaniona?" nikaita.

"Usiniulize kama nakuona," akajibu. "Niulize uko wapi."

Mafinga, mara ya kwanza

Idrisa alipiga simu kila tulipoingia mahali penye mtandao. Sauti yake ni ya upole, na upole wake ndio unaochosha.

"Mama, mmefika wapi? Hamjagusa kitu?"

"Tumegusa maji kidogo. Maji hayahesabiki."

Tulifika Mafinga na tope la Madibira limekaukia kwenye lenzi. Shangazi akaenda kutafuta chapati, akaniachia kazi. Maji na kitambaa vilitosha, namwona kila mmoja wenu akitikisa kichwa. Lakini nilipomaliza niliona bado kuna utando mwembamba, nami nilikuwa na deni la mfereji moyoni. Nilitaka zing'ae. Nikakumbuka vijana wa kuosha magari pale Iyunga wanavyosugua taa za mbele za magari ya zamani kwa dawa ya meno hadi zinarudi kuwa mpya. Mimi mwenyewe nimewahi kuwasifu.

Nikanunua dawa ya meno na mswaki mgumu. Nikasugua lenzi zote tatu kwa bidii ninayotumia kufuta aya mbaya, tena nikirudia palepale. Nikasuuza. Zilinukia asubuhi ya watu waadilifu.

"Mbona nyumba inanuka mnanaa?" Shangazi akauliza aliporudi.

"Ni usafi," nikasema.

Igowole

Shangazi alikuwa na mteja wake Igowole, Mama Tumaini, anayemchukulia vitenge na kuvisambaza kwa wanawake wa mashambani. Tulipanda huko kwenye ukungu mzito, ukungu wa Mufindi unaoingia mpaka mfukoni. Skrini ilikuwa nyeupe pande zote tatu. Nikamwambia Shangazi hiyo ndiyo picha halisi ya dunia, na akaniomba nikae kimya hadi tufike.

"Kamwene, dada Saumu!" Mama Tumaini akatupokea kwa salamu ya kwao.

"Kamwene, mama. Tumekuja kwa kupapasa."

Alituweka jikoni karibu na moto, akatuletea viazi vya kuchemsha na maharage. Kisha akanimiminia kikombe cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, na kunitazama kwa matumaini.

"Nasikia wewe mwandishi. Waandishi si wanakunywa?"

"Huyu anakunywa chai," Shangazi akajibu kwa niaba yangu. "Akiwa hajanywa kitu amenitia mferejini. Akinywa itakuwaje?"

Ilibidi tungoje ukungu utoke, kwa sababu Shangazi hakutaka kurudi nyuma bila kuona. Tulingoja mno. Chai ikaisha, ikachemshwa nyingine. Hapo, akiwa amenyoosha miguu kwenye joto, nilimuuliza kwa nini hataki tu kuishi kwa Idrisa.

"Kaniandalia chumba," akasema. "Kanunua kitanda, kaweka mapazia, dirisha linatazama upande wa jua. Kanipigia picha kanitumia."

"Sasa?"

"Idrisa ni mtoto mzuri, hiyo ndiyo shida. Angekuwa mtoto mbaya ningemwacha bila kuaga. Nyumba ya mtoto mzuri hutoki. Asubuhi wanakuuliza umelalaje, mchana wanakuuliza unaenda wapi, jioni wanakuambia kaa tu mama, pumzika. Nikipumzika hivyo nitakufa na afya yangu."

Mama Tumaini akaguna kukubali. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema jambo zuri kuhusu uhuru, ila nikatazama mikono ya Shangazi, jinsi ilivyokaa magotini kana kwamba imeshika usukani, nikachukua birika nikamwongezea chai.

Hatimaye jua likatoka. Vilima vikajitokeza, kisha miti, kisha mashamba ya viazi, kila jani na tone lake. Tukaaga, tukapanda ndani, Shangazi akawasha gari. Igowole nzima ilikuwa inameremeta. Kwenye skrini ukungu ulikuwa palepale.

Shangazi akatazama nje. Akatazama skrini. Akaipangusa kwa kona ya khanga. Akatazama nje tena.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, "zile kamera ulizisafisha na nini?"

"Dawa ya meno."

Shangazi akazima injini.

"Kamera ina meno?"

Nilishuka nikazitazama. Lenzi zote tatu zilikuwa na mikwaruzo mizito ya duara, nyeupe kama macho ya samaki aliyeiva. Simu ya Shangazi ikalia wakati huohuo.

"Mama, mko wapi? Kamera zinaona?"

Shangazi aliniangalia, na nilitamani ardhi ya Mufindi, yenye rutuba na sifa zake zote, inifunike niotewe na viazi.

"Zimepiga mswaki," akamjibu mwanawe, akakata simu.

Mafinga, mara ya pili

Mama Tumaini na majirani zake walitutoa uani kwa kelele zao, tukarudi Mafinga tukitazama mbele tu. Tulizunguka maduka yote. Fundi mmoja wa kamera za ulinzi alikuwa na kamera moja inayofaa. Moja tu, nyingine zingeagizwa, na Idrisa alikuwa anatungoja kesho yake.

"Tuifunge upande wa kulia," nikasema, "huko ndiko Shangazi haoni kabisa."

"Nyuma," akasema Shangazi.

"Lakini, Shangazi, ubavuni ndiko..."

"Mara ya kwanza nilikusikiliza nikaingia mferejini. Mara ya pili nilikuachia kazi ukazipiga mswaki. Nyuma."

Ikafungwa nyuma. Nilipokwenda kusimama mbele yake kwa majaribio, fundi akanyoosha kidole kunizuia.

"Dada, usiiguse."

Iringa

Idrisa anakaa Kihesa, kwenye mteremko ambao mvua huuheshimu kuliko watu. Geti lake linatosha gari la kawaida na heshima kidogo. Kushoto, ukiingia kinyumenyume, kuna tenki la maji juu ya matofali. Kulia kuna ukuta uliopakwa rangi mpya. Alikuwa amesimama mlangoni na mkewe Mwajuma, na nadhani alikuwa hajalala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba yangu. Fungua geti."

"Mama, ingia kwanza unywe chai. Hili jambo tunaweza kuliacha."

"Fungua geti."

Pi, pi, pi, pi. Hamhitaji kuambiwa kilichofuata. Kihesa yote ilitoka. Fundi cherehani alikuja na tepu shingoni, bodaboda wakaacha abiria, bibi mmoja akaletewa kigoda. "Njoo, mama! Kata yote! Nyoosha!"

Idrisa akanyanyua mikono. "Hapana! Jamani, naomba. Hakuna kumwelekeza. Mwacheni mwenyewe. Kama anataka kuishi peke yake barabarani, huko nani atamwelekeza? Na wewe, Nasra, njoo usimame huku."

Nikaenda kusimama huko. Sijawahi kuona watu wakiteseka vile. Gari linarudi nyuma mbele yao, nao wamekatazwa kusema. Fundi cherehani alijifunga mdomo kwa tepu yake mwenyewe. Bodaboda mmoja alishika kichwa. Bibi kwenye kigoda alifumba macho akawa anasoma dua.

Nyumba ilipita getini, na kulikuwa na nafasi ya mkono pande zote mbili. Kamera ya nyuma ilikuwa inafanya kazi yake: Shangazi alikuwa anakwenda moja kwa moja, katikati kabisa. Lakini mteremko ulimvuta. Kona ya nyuma ya kushoto ikaanza kuelekea kwenye tenki, taratibu, na tenki lilikuwa ubavuni, mahali ambapo ingepaswa kuona kamera niliyoipiga mswaki. Nikafungua mdomo. Nikakumbuka nimekatazwa. Nikajua kwamba shingo ya Shangazi, mikono yake, minada yake yote, inaishia kwenye yale matofali kwa sababu ya mnanaa wangu.

Nafasi ikawa ya kiganja. Ikawa ya vidole.

"Hapohapooo!"

Kofi kubwa likapiga bati. "Hapohapo, mama! Kata kulia! Kata yote! Haya njoo, njoo, njoo taratibu... nyoosha... njoo... hapohapo! Umeweka!"

Injini ikazimwa. Watu wote walikuwa wanamtazama Idrisa, aliyekuwa amesimama kando ya tenki, kiganja bado kwenye bati la nyumba ya mama yake, shati limetoka kwenye suruali.

Shangazi akashuka. Akageuka mwili mzima kuwaelekea watu.

"Nani kaniambia hapohapo?"

Kihesa yote ikanyoosha kidole.

"Nilikuwa naokoa tenki," Idrisa akasema.

"Hujagusa kitu, mama," akasema bibi wa kigoda, akifumbua macho. "Nimeona yote."

Idrisa akatazama tenki, akatazama ukuta, akatazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Halafu akaanza kucheka, na kicheko kilipokwisha alikuwa anafuta macho. Mwajuma akawakaribisha watu, na pilau aliyowapikia watu wa nyumbani ikaliwa na mtaa.

Shangazi alilala kwenye chumba kile alichoandaliwa, kwa heshima ya aliyekiandaa. Asubuhi alitandika kitanda mwenyewe, akanyoosha mapazia, akasifu dirisha. Kisha akabeba kikapu chake. Mnada uliofuata ulikuwa unamngoja, na mimi nilikuwa narudi Mbeya kwa basi, kwa makubaliano ya pande zote.

"Kamera za pembeni nimeziagiza," Idrisa alimwambia ukumbini. "Zikifika nitakuletea popote ulipo. Mpaka hapo, ukitaka kurudi nyuma, nipigie simu."

"Nikupigie ufanye nini?"

"Nikuelekeze."

"Wewe uko Iringa, mimi niko Madibira. Utanielekezaje?"

"Nipigie tu, mama."

Shangazi alimshika shavu. Mlango wa chumba ulikuwa wazi nyuma yake, kitanda kinaonekana, na jua limekaa juu ya shuka.

"Funga mlango ule," akasema. "Vumbi la nyumba yangu litaingia."

"Nitauacha wazi."

"Haya."

Alitoka. Tulisikia injini ikiwaka. Hapakuwa na pi-pi-pi, kwa sababu safari hii alikuwa anakwenda mbele, na mtaa, ukikosa la kuelekeza, ulimpungia mkono tu. Idrisa alibaki ukumbini akisikiliza hadi mlio ukashuka mteremko wote na kumezwa na barabara. Vumbi likaanza kuingia, jembamba, likielea kuelekea kwenye shuka safi. Akalitazama kidogo. Kisha akaenda, akaufunga mlango ule, kama mama alivyomwambia.